Mguu wa Manasseh na Gundi ya Cleophas

Nyansiongo,
15 Machi 1970

Ndugu yangu Cleophas,

Nisamehe. Barua yako ya Krismasi ninayo, na kila nikiiona juu ya kabati naona aibu, kisha mtoto analia, au ng'ombe analia, au Manasseh anaita, na kati ya hao watatu sijui nani hana subira zaidi. Leo wote wamelala mchana, mara moja kwa pamoja, kwa hiyo naandika haraka.

Sisi huku hatujambo. Mama nilimwona Januari, meno yanamsumbua lakini ulimi hauna shida. Anauliza kama huko chuoni Nairobi mnapewa blanketi. Persis ameota meno mawili na ananiuma. Mvua imeanza, mahindi nimepanda mimi na Esnah wa jirani. Ng'ombe wetu Deizi, yule tuliyeuziwa na mzungu alipohama, anatoa maziwa vizuri. Mimi mwenyewe maziwa yamepungua, kwa hiyo Persis sasa anamtegemea Deizi kuliko mimi.

Sasa lililonileta. Shemeji yako Manasseh amevunjika mguu, chini ya goti. Alianguka. Mengine usiulize. Hospitali wamemfunga plasta nyeupe mpaka pajani, wakasema isiloane maji, arudi baada ya miezi minne. Amekaa kitini kama chifu. Anataka kujua huo mfupa unaungwa na nini, kwa kuwa hakuona mtu akitia dawa yoyote ndani, na anadhani wamemwibia.

Wewe unasoma udaktari. Mjibu. Lakini tafadhali andika Kiswahili. Barua zako za Kizungu huzisoma shemeji Abner, kaka yake mkubwa, akija kutoka Marani, na Abner akisoma Kizungu kila kitu hugeuka kuwa amri.

Kaa salama, ule vizuri.

Dada yako,
Bosibori


Nairobi,
9 Aprili 1970

Dada mpendwa Bosibori,

Salamu nyingi kama mchanga wa mto Gucha. Mimi ni mzima. Blanketi tunapewa, mwambie mama, ila ni jembamba. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya mtihani wa viungo vya mwili, ambao nadhani nimepita, ingawa mwalimu alinikodolea macho kwa namna ambayo sikuipenda.

Pole kwa shemeji. Ajabu ni kwamba tumesoma jambo hilo hilo mwezi huu! Mwambie hakuna aliyemwibia. Dawa anaitengeneza mwenyewe. Mfupa ukivunjika, damu huganda pale pale, kisha chembe hai za mwili huja na kufuma nyuzi za kitu kiitwacho kolajeni. Nyuzi hizo hushika upande huu na upande ule. Baadaye chokaa ya mwili hujijenga juu yake na kuwa mfupa mgumu. Kolajeni ndiyo nguvu ya ngozi, ya kano, ya mfupa. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni kinachozaa gundi, kwa sababu mafundi wa zamani walichemsha ngozi na kwato za ng'ombe wakapata gundi ya mbao. Kwa hiyo kwa Kiswahili tuseme tu kwamba mguu wa shemeji unaungwa kwa gundi ya mwili.

Nafurahi sana kuona elimu hii ikifika nyumbani kwetu. Msomee polepole.

Nieleze aliangukaje. Kwa daktari, namna ya kuanguka ni muhimu.

Ndugu yako,
Cleophas


Nyansiongo,
3 Mei 1970

Ndugu yangu Cleophas,

Habari za masomo? Sisi tupo. Persis alikuwa na homa akapona. Mama ameng'olewa jino moja, amelifunga kwenye leso anawaonyesha watu kanisani.

Barua yako ilifika. Laiti ingepotea.

Nilitaka kumsomea Manasseh mwenyewe, lakini Abner alikuwa hapa na wazee wawili wa kanisa waliokuja kumwombea mgonjwa. Abner akaichukua mkononi mwangu. Unajua alikuwa karani wa mahakama. Hawezi kuona karatasi mkononi mwa mwanamke akatulia. Akasoma kwa sauti mpaka kwenye neno gundi. Hapo akavua miwani.

"Gundi," akasema. "Mmesikia? Ndani ya mguu huu mna gundi."

Mzee mmoja akauliza, "Gundi hufanya kazi ikiwa mbichi au ikiwa kavu?"

"Kavu," wakasema wote, hata mgonjwa.

"Na hospitali walisema nini? Si walisema isiloane?" Abner akauliza.

Cleophas, walikuwa wanasema plasta! Plasta ya nje! Nikajaribu kusema. Abner akaniambia, "Wewe mama Persis, aliyeandika hapa ni ndugu yako mwenyewe. Unampinga?"

Tangu siku hiyo mume wangu hanywi. Uji wa wimbi hataki, chai hataki, maji anapewa kidogo kwenye kijiko kama kifaranga. Anasema gundi italegea. Asubuhi jua likitoka namkokota na kiti chake mpaka uani, mguu tunauelekeza mashariki, mchana tunaugeuza magharibi. Wapita njia wanauliza kama tunaanika maua ya pareto. Wingu likitanda huko upande wa Sotik anapiga kelele, "Bosibori! Mvua! Gundi!" nami naacha mtoto, naacha sufuria, nakimbia kumwingiza ndani mtu mzima mwenye mguu mzito kama gogo. Na wewe unajua mvua ya hapa. Haikosi siku.

Tumbo lake limefunga. Midomo imepasuka. Ananinung'unikia mimi, si gundi.

Kuna lingine. Abner aliposoma habari ya ngozi na kwato, aligeuza shingo taratibu, akamtazama Deizi. Sikupenda namna alivyomtazama.

Umeuliza alianguka namna gani. Haya. Alikuwa anawaonyesha wenzake jinsi yule mzungu aliyekuwa mwenye shamba hili alivyokuwa akiruka geti. Aliruka vizuri tu. Ila mzungu alikuwa na farasi.

Usimwambie nimekwambia. Na uniandikie jambo la kumfanya huyu mtu anywe.

Dada yako,
Bosibori


Nairobi,
20 Mei 1970

Dada Bosibori,

Salamu. Pole kwa homa ya Persis. Mimi nina mafua.

Nimesikitika na, kusema kweli, nimeshangaa. Nilieleza waziwazi. Gundi ni mfano tu! Haikauki kama gundi ya duka. Nyuzi zenyewe zimelowa maji, na mtu asipokunywa atadhurika kabla mguu haujapona. Anywe! Aoge sehemu zilizo nje ya plasta!

Tena kula kwato hakupeleki kwato mguuni. Tumbo huvunjavunja kila kinachoingia, halijui hiki ni cha mguu na kile ni cha sikio. Mwili huchukua vipande na kujifumia wenyewe. Unachohitaji ni chakula cha kujenga mwili, maharagwe, maziwa, mayai kama yapo, na mboga za majani na matunda, maana kuna vitamini iliyo humo ambayo bila hiyo nyuzi hufumwa legevu. Mboga yetu ya chinsaga inayo tele. Mapera pia. Asipikiwe mpaka mboga iwe nyeusi.

Ili wazee waelewe, nimetafuta mfano ulio bora. Waambie mfupa ni kama nyumba ya kwetu. Kwanza mtu hufunga fito, ndipo hukandika udongo. Kolajeni ndiyo fito. Chokaa ndiyo udongo. Fito bila udongo ni ukuta unaoyumba, na udongo bila fito huporomoka. Sasa hivi mguu wa shemeji uko kwenye fito, udongo ndio unaanza, kwa hiyo asiukanyage.

Hapo nadhani hata mtoto ataelewa. Mimi sitaweza kuja, mtihani mwingine uko Juni.

Ndugu yako,
Cleophas


Nyansiongo,
7 Juni 1970

Cleophas,

Mafua yamepona? Kunywa maji moto. Sisi wazima, mama anakusalimu, mahindi yamefika kiunoni. Nimemaliza salamu, sasa nisikilize vizuri.

Mfano wako wa nyumba ni mzuri. Manasseh aliusikia akakubali kunywa, siku mbili nzima. Alikunywa uji kama ndama. Nilikuombea dua.

Siku ya tatu Abner akaja. Akasomewa. Akafurahi kupita kiasi. Akasema sasa huyu kijana amesema maneno ya watu. Akamwita Ogari, yule fundi wa nyumba wa pale chini, ili kuwe na mjuzi kwenye shauri. Wakakaa na mguu katikati kama ndio mgeni rasmi.

Abner akauliza, "Ogari, ukikandika nyumba unafanya nini baadaye?"

"Naacha ikauke."

"Umesikia, Manasseh? Ikauke."

Tukarudi juani. Lakini subiri, hiyo siyo mbaya zaidi.

Ogari, ambaye alikuwa hajapewa hata chai, akasema, "Lakini kabla ya kukauka, mzee, mbona hamjauliza jambo la kwanza? Nani aliwahi kukandika nyumba peke yake? Watu huitwa. Na watu wakiitwa hulishwa. Mimi sijaona udongo ukishika kwenye nyumba ambayo wafanyakazi hawakupewa nyama."

Wote wakageuka kuutazama mguu.

Abner akasema polepole, "Kumbe. Hao wenye kufuma huko ndani ya mguu, hizo chembe hai alizoandika, ni wafanyakazi. Wamefunga fito kwa njaa. Ndiyo maana mguu bado unawasha."

Mume wangu akasema, "Unawasha sana."

"Na ngozi na kwato ndizo alizozitaja yeye mwenyewe Aprili. Nyama ya wafanyakazi, kwato za gundi. Ng'ombe mmoja anatosha yote mawili. Mungu ni mwema."

Wamepanga Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Abner amewaalika watu kutoka Marani, na Ogari ameshasema yeye ni wa kipande cha mgongo. Hao wote wanakuja kusaidia mguu wa Manasseh kwa midomo yao.

Nilimwuliza mume wangu tukiwa wawili, "Baba Persis, mtoto wako atakunywa nini Jumatatu?" Akatazama ukuta. Akasema, "Kaka ameshasema." Yeye si mtu mbaya, unamjua. Lakini tangu avunjike mguu mmoja, yeye mwenyewe amesimama kwa mguu wa Abner.

Wiki iliyopita nilishuka Kisii mjini kutazama kama kuna barua nyingine yako kwenye sanduku la posta la Bipin, yule Mhindi mwenye duka. Mkewe Indu aliniona uso, akanipa stuli. Nikamweleza. Alicheka mpaka ushungi ukaanguka, kisha akaona sicheki. Akaniambia, "Dada, Bipin alianguka kutoka ngazi ya dukani, akavunjika mkono huu, mara mbili. Tangu kuzaliwa hajala nyama, hajala yai. Dengu, maziwa, mboga, ndimu. Mtazame." Nikamtazama. Alikuwa anashusha gunia la sukari, tena anagombana na mteja wakati huo huo.

Nikarudi na habari hiyo kama mtu aliyepata dhahabu. Abner akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mfupa wa Mhindi ni mwingine." Nikauliza mwingine kivipi. Akasema, "Ule umezoea dengu."

Basi, nimechoka. Nafua, nalima, nakama, nambeba mtoto mgongoni na mume mkononi. Sasa fanya hivi, na ufanye leo:

Usinipe mfano tena. Wewe ukitoa mfano, hawa wanaula. Ukisema gundi wanakausha, ukisema nyumba wanachinja. Ukisema mfupa ni kama kikapu watamwita mfuma vikapu naye atataka mbuzi.

Andika barua ya Kizungu. Mwandikie Abner, si mimi. Kizungu kizito kile ulichotumia Krismasi kutueleza kwamba umepata chumba. Weka na maneno ya Kilatini. Useme mgonjwa anywe, akae kivulini, ale chinsaga na maharagwe kila siku, asikanyage mpaka hospitali waseme, na ng'ombe mwenye maziwa asichinjwe kwa sababu maziwa yake ndiyo chakula cha mgonjwa na cha mtoto.

Lakini usidanganye. Usijiite daktari, bado hujawa. Sitaki mume wangu aponywe na uongo, baadaye tutaulipia. Andika kweli tupu, ila kwa Kizungu.

Najua ulikuwa unapenda kutufundisha, na mimi nilipenda kufundishwa. Ile habari ya nyuzi nimeielewa, nayo ni nzuri, huwa naifikiria nikisuka nywele za Esnah. Lakini sasa mtoto wangu atakosa maziwa.

Bosibori


Nairobi,
16 Juni 1970

Dada,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Bwana Abner. Kurasa mbili. Nimemwomba mwalimu wetu wa mifupa aipitie. Aliisoma, akauliza kama haya ni ya kweli, nikasema ndiyo, akaenda dirishani akasimama kwa muda akinipa mgongo, mabega yakimtikisika. Kisha akatia sahihi yake chini ya yangu. Yeye ni daktari kweli, kwa hiyo hakuna uongo.

Sikutia mfano hata mmoja. Ilikuwa vigumu.

Nimekuwa nikidhani kazi yangu huisha nikishajua jambo. Nisamehe.

Cleophas


Nyansiongo,
9 Agosti 1970

Ndugu yangu mpendwa Cleophas,

Nimekawia tena, najua, lakini safari hii nimekawia kwa wema. Mahindi yamekauka shambani, mama ameng'olewa jino la pili na leso imejaa, Persis anasimama akishika kiti kile cha baba yake ambacho sasa hakina mtu.

Barua yako ilifika Ijumaa kwa Bipin, nami nikaileta nyumbani Jumamosi. Sikuifungua. Jumapili watu wa Marani walipofika, visu vyao vimefungwa kwenye magazeti, nikampa Abner mbele ya wote, kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo. Nikasema, "Shemeji, hii imetoka chuoni Nairobi. Ni ya Kizungu, sisi hatuwezi."

Cleophas, ungemwona. Alirefuka. Akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza kimya huku akitikisa kichwa kama anayekubaliana na wenzake. Nina hakika nusu hakuielewa, maana alirudia mstari mmoja mara nyingi akisogeza midomo. Alipofika kwenye ukurasa wa pili akaona sahihi mbili. Akasimama.

"Ndugu," akasema. "Hapa nimeandikiwa mimi, kwa jina. Wanasema mgonjwa anywe."

Ogari akauliza, "Na nyama?"

"Wanasema ng'ombe ni marufuku."

"Marufuku kwa nani?"

"Kwa wote! Unabishana na Kilatini?"

Watu wa Marani wakatazamana. Mmoja akasema wametembea mbali. Nikasema chakula kipo, karibuni, na nikaleta nilichopika tangu alfajiri: ugali wa wimbi, maharagwe, na chinsaga sufuria mbili, niliyotia maziwa ya Deizi. Walikula kwa huzuni lakini walimaliza.

Tangu hapo Abner ndiye askari wa chinsaga. Hupita bila kutangaza, anafunua sufuria, anauliza, "Kijani kiko wapi?" Nasikia hata kwake amewaamuru watoto wote wale mapera, ingawa hakuna aliyevunjika. Barua ameiweka kwenye fremu. Haambii mtu kwamba alikuwa na mpango wa kuchinja. Anasema yeye ndiye aliyemwokoa Deizi. Nimemwacha. Ng'ombe ni mzima, sifa achukue yeye.

Plasta ilikatwa mwezi uliopita. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe kama uliokaa gizani, ukinuka. Daktari alitupa picha ya mfupa tuitazame mbele ya dirisha. Pale palipovunjika pana kinundu, mfupa umejaa kuliko mwanzo. Akasema kinundu kitapungua chenyewe taratibu, mwili utaendelea kukichonga hata mwaka na zaidi. Manasseh akauliza kama sasa anaweza kukanyaga. Akaambiwa kwa magongo kwanza, kidogo kidogo. Tulipokuwa tunatoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Bosibori, sikuwa nataka achinjwe." Nikamwambia najua. Nikamwambia pia siku nyingine aseme kabla visu havijaja. Akasema ndiyo. Akanishika bega, sijui kwa upendo au kwa sababu ya magongo, lakini nilikubali yote mawili.

Sasa hapa nina mambo ninayohitaji kutoka Nairobi. Nitumie kwa basi la Kisii, uandike jina la Bipin. Mipira miwili ya chini ya magongo, ile ya mwanzo imelika kwa mawe yetu. Soksi nene jozi moja, za mguu uliokonda. Mbegu za kabichi. Miwani ya kusomea ya mama, nguvu yoyote, anasema atazoea. Kikombe cha bati chenye mfuniko kwa Persis, maana anatakiwa kuacha kunyonya haraka kuliko nilivyopanga. Na flaneli nyeupe yadi mbili. Isiwe ya waridi wala ya buluu, bado hatujui ni msichana au mvulana. Mguu ndio uliokuwa umevunjika, Cleophas, si mwili wote. Abner usimwandikie habari hii kwa lugha yoyote.

Dada yako,
Bosibori